Karatasi za Jumatatu

Chokaa ilikuwa imemla vidole. Ilianzia kwenye nyufa za kando ya kucha, ikaingia kwenye mikunjo, na ilipofika saa nne asubuhi Mama Usafi alikuwa anashika brashi kwa viganja viwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Tangu alfajiri alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, akipaka mawe ya kando ya njia kutoka getini hadi mlango wa kituo. Mawe themanini na mawili. Hakuna aliyemtuma ayahesabu. Mtu akipiga magoti muda mrefu huhesabu tu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema dereva wa kituo, ameegemea gari, anachokonoa meno. Wenzake walimwita Taratibu, kwa mwendo wake barabarani na kwa mwendo wake katika kila jambo jingine. "Bomba la choo lilikufa mwaka mzima. Juzi limefufuka. Hawa wageni wangekuja kila mwezi tungekuwa peponi."

"Badala ya kunihubiria, nishikie ndoo."

"Mgongo, dada yangu. Mgongo wangu ni mali ya serikali, siwezi kuutumia ovyo."

Wageni walikuwa wakaguzi kutoka nje, na wangefika kesho kutwa. Mama Usafi alielezwa habari zao kwa vipande vipande, kama kila kitu alichowahi kuelezwa pale. Nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana kwamba kila moja itapima mionzi katika hewa yake, maji yake na udongo wake, kisha ipeleke hesabu zake mahali pamoja. Kila baada ya miaka kadhaa hutumwa watu wasiolipwa na nchi hiyo, waje waone kama inayosemekana kupimwa inapimwa kweli. Nchi ilikuwa imeandika kwamba ina vituo sita. Hiki kilikuwa kimoja kati ya hivyo, kimejengwa kando ya mgodi wa zamani. Mgodi ulifungwa Mama Usafi akiwa msichana. Uliacha kilima cha kifusi cha kijivu ambacho hakikuota hata jani. Upande wa huku wa kilima kulikuwa na kituo. Upande wa kule, chini bondeni, kulikuwa na nyumba za watu, na ya mama yake ilikuwa ya nne kutoka kwenye kifusi.

Mama Usafi alikuja kituoni kufagia. Kibarua, miaka tisa, jina lake kwenye karatasi ya siku na si kwenye kitabu cha watumishi. Miaka sita ya kwanza alishika fagio na kitambaa basi. Kisha fundi akafariki, na jiji halikuleta mwingine.

Nyuma ya ofisi, juu ya jukwaa la saruji, ilisimama mashine yenye paa dogo kama mzinga wa nyuki. Usiku na mchana ilivuta hewa na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe yenye ukubwa wa daftari la shule. Fundi aliiita pua ya nchi. Kila Jumatatu karatasi ilitolewa, ikatiwa kwenye bahasha, ikaandikwa tarehe, ikapelekwa jijini maabara, na nyingine ikawekwa. Wiki moja baada ya mazishi, mkuu wa kituo alimwita Mama Usafi.

"Ulikuwa unamwona marehemu akibadilisha?"

"Nilikuwa namwona, Mkuu."

"Basi. Si kazi ya kusomea."

Mwanzoni alizituma kama zilivyotoka. Zilitoka kijivu, kama sehemu ya chini ya sufuria. Kiangazi zilitoka karibu nyeusi, na bahasha ikafika kwa Taratibu ikiwa na alama za vidole. Mwezi wa tatu tangu aanze kuzituma, Mkuu akamwita tena. Alikuwa na barua mkononi, na shingo yake ilikuwa imevimba.

"Jiji wanataka maelezo. Wanasema karatasi zetu zina mambo. Mimi nitoe maelezo gani? Na wewe, si ndiye unayeitwa Mama Usafi? Unatumaje uchafu ule kwa watu wenye makoti meupe?"

Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Jumatatu iliyofuata aliigonga karatasi mara tatu kwenye ukingo wa jukwaa, akaipitishia brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa mkono mwepesi ili isichanike. Akaianika kivulini. Ilipokauka ilikuwa karibu nyeupe. Hakuona kosa. Marehemu fundi alikuwa akisema mionzi haionekani kwa macho. Kwa hiyo kile kilichoonekana hakikuweza kuwa mionzi. Kilikuwa uchafu, na uchafu alikuwa anaujua. Mionzi, alifikiri, ilikuwa imeshaingia ndani ya karatasi yenyewe, kama harufu inavyoingia kwenye nguo.

Malalamiko yakakoma. Mwisho wa mwaka ikaja barua ya pongezi, na Mkuu akaisoma mbele ya Mama Usafi, Taratibu na mlinzi. "Na wewe umo humu," alimwambia. Tangu siku hiyo akaanza kumwahidi ajira ya kudumu.

Alipomaliza jiwe la themanini na mbili aliitwa ofisini. Mkuu alikuwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto, labda alikuwa anajizoeza. Alifungua droo, akatoa barua iliyopigwa chapa, akaiweka mezani akiwa bado ameishika kwa kidole kimoja.

"Soma."

Alisoma. Elimu yake ya msingi ilimtosha kwa hilo. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote, na chini yake, *ameajiriwa kwa masharti ya kudumu*.

"Imekosa saini tu. Wageni wakiondoka salama, naisaini mbele yako." Barua ikarudi kwenye droo. "Sasa nisikilize. Ukiulizwa, wewe ni mfagiaji. Karatasi hubadilishwa na fundi."

"Fundi si alifariki, Mkuu?"

"Yupo mwingine. Anakuja kesho."

Mwingine alikuwa mpwa wa Mkuu, kijana nadhifu aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza bima. Kesho yake alikaa kutwa nzima chumba cha nyuma akinakili upya kitabu cha kituo: Jumatatu zote za miaka mitatu, zilizoandikwa kwa mwandiko wa duara wa Mama Usafi, zikaingia kwenye kitabu kipya kwa mwandiko wake. Alibadilisha kalamu kila baada ya kurasa chache, ili ionekane kazi ya siku tofauti. Mama Usafi alimpelekea maji. Akamwonyesha kwamba Jumatatu moja ameiruka.

"Una macho, mama," alisema kijana.

Jioni Mama Usafi alimkuta mama yake kizingitini, akikohoa kile kikohozi chake kifupi, cha kubisha hodi. Alikuwa akikohoa hivyo tangu mwaka juzi. Zahanati walimpa vidonge, vidonge vikaisha, wakasema aende hospitali kubwa. Ajira ya kudumu ilikuja na kadi ya matibabu, na kwenye kadi kulikuwa na mstari wa jina la mzazi. Mama Usafi alikuwa ameiona kadi ya Taratibu. Mstari ulikuwepo kweli.

"Wanakuja kupima nini hao?" aliuliza mama.

"Wanawapima wanaopima."

"Na wao nani anawapima?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Na barua?"

"Imekosa saini tu."

"Miaka tisa barua moja. Mimba yenyewe ni miezi tisa, mwanangu, na inatoka mtu mzima mzima."

Mkaguzi mkubwa alikuwa mwanamke mwenye mvi, viatu vyake vimechakaa kwenye visigino. Aliambatana na mkalimani mwenye tai iliyombana. Hakutazama mawe yaliyopakwa chokaa. Alipita ofisini, akafungua kitabu kipya, akakigeuza kurasa chache, akakinusa. Mama Usafi, aliyekuwa ukutani na fagio lake, aliliona hilo. Mkuu hakuliona, alikuwa akieleza. Kisha mkaguzi akaomba aonyeshwe karatasi ikibadilishwa. Ilikuwa Jumatatu.

Wakazunguka nyuma. Mpwa alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaikabili mashine kama mtu anayemkabili mbwa asiyemjua. Skrubu ya kwanza aliifungua. Ya pili aliizungusha upande wa kukaza. Akaitoa karatasi ya wiki kwa kona moja, ikachanika kidogo, akachukua mpya na kuiweka upande laini ukiwa juu. Mashine ilipowashwa ililia mlio mwembamba. Akaizima. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, ikarudi vilevile. Mkaguzi aliandika jambo fupi.

Jasho lilimtoka Mkuu mpaka kwenye kola. Mama Usafi aliliona jasho lile na akaiona barua ndani ya droo, bila saini. *Wakiondoka salama.* Hawataondoka salama hivi. Aliliegemeza fagio ukutani.

"Mwanangu, umeigeuza. Nipishe."

Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kilemba. Upande wa kukwaruza juu, kingo nne kwenye fremu, skrubu kwa mpango wa msalaba ili isikae upande. Mashine ikawaka na kuunguruma sauti yake ya kawaida, ile nzito, ya kulala usingizi.

Mgeni alisema jambo. Mkalimani akatabasamu. "Anasema una mikono mizuri."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Anaomba aone hadi mwisho. Mpaka kwenye bahasha."

"Haina haja," Mkuu alisema, "chai imeshakuwa tayari, tusije tukawachosha wageni..."

Mkaguzi hakuondoka mahali pake. Mama Usafi akaichukua karatasi ya wiki, ile iliyochanika kona, na kwa sababu alikuwa anatazamwa alifanya vizuri kuliko siku zote. Akaigonga mara tatu. Vumbi likaanguka kwenye saruji, upepo ukaliokota na kwenda nalo. Akapitisha brashi. Akapitisha kitambaa. Akainyanyua iangazwe na jua, kama mtu anayeonyesha shuka aliyoifua.

Kalamu ya mgeni ilikuwa imesimama.

"Anauliza," alisema mkalimani, na sasa hakutabasamu, "hilo vumbi umelifuta kwa nini?"

"Ni uchafu."

"Kila wiki unafanya hivi?"

"Kila Jumatatu. Sijaruka hata moja. Hata wiki niliyofiwa na kaka yangu nilikuja."

"Kwa muda gani?"

Alimtazama Mkuu. Mkuu alitazama viatu vyake. "Tangu muda mfupi baada ya fundi kufariki. Miaka mitatu."

Mkalimani alikawia kabla ya kutafsiri, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa anayetafuta pa kukanyaga. Mgeni alimsikiliza. Hakufoka. Akachuchumaa kwenye jukwaa, akapeleka kidole karibu na vumbi lililobaki, akakirudisha. Alizungumza kwa sauti ya chini, na mkalimani akamfuata neno kwa neno.

"Anasema mionzi haitembei peke yake. Inapanda vumbi. Vumbi ndilo linalopimwa. Anasema pole. Anasema ulichokuwa unakituma jijini kilikuwa karatasi tu."

Mama Usafi aliielewa sentensi yote mara moja, na hilo ndilo lililomshangaza baadaye, jinsi ilivyokuwa nyepesi kueleweka. Ingeweza kusemwa na mtu yeyote, siku yoyote, katika miaka mitatu.

"Anauliza nani alikufundisha kuifuta."

Mkuu aliinua macho. Hayakuwa makali. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba lifti.

Mama Usafi alifikiri juu ya ule mstari kwenye kadi.

"Hakuna," alisema. "Ni akili yangu tu. Napenda usafi."

Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaandika. Mkuu akavuta pumzi, na kila mtu akaisikia.

"Muulize na mimi," Mama Usafi alimwambia mkalimani. "Sisi tunakaa huko nyuma ya kilima, bondeni. Sasa hewa ya kwetu ikoje?"

Mgeni alijibu, akaacha katikati, akajibu tena.

"Anasema hajui. Kwa karatasi hizo hakuna anayeweza kujua."

"Lakini vyombo anavyo. Nimeviona kwenye sanduku."

"Anasema vile ni vya kulinganisha na vya kwenu. Hana kibali cha kupima nje ya uzio. Wao hawakuja kupima hewa. Wamekuja kuangalia inavyopimwa." Mkalimani alilegeza tai. "Anasema ataandika. Ataandika kwa mkazo."

Aliandika. Taarifa ilikuja baada ya wiki nane, na Taratibu ndiye aliyeisoma kwanza kwa sababu ndiye aliyeileta kutoka jijini, taratibu. Ukurasa wa kumi na nne ulisema vipimo vya hewa vya kituo cha nne kwa miaka mitatu haviwezi kutegemewa. Serikali ilikuwa imeongeza jibu lake chini: *makosa ya mfanyakazi wa ngazi ya chini asiye na mafunzo, aliyetenda bila maelekezo.* Ikapendekezwa mafunzo. Mkuu akapangiwa kwenda nje kusoma majuma sita.

Aliitwa ofisini siku mbili kabla Mkuu hajasafiri. Sanduku jipya la safari lilikuwa pembeni, bado lina lebo.

"Ungemwacha yule kijana akosee," Mkuu alisema, "tungesema mashine ni mbovu, tungeletewa mashine. Nani alikutuma?"

"Nilitaka waondoke salama."

"Ndiyo. Waliondoka salama."

"Na barua, Mkuu?"

Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Taarifa inakutaja. Jina hakuna, lakini ni wewe. Nitamwajirije mtu aliyeandikwa kwenye taarifa iliyosomwa na nchi nzima?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nisitume uchafu. Hapa hapa, umesimama hapo."

"Na wewe ulisema mwenyewe, mbele ya mgeni, kwamba hakuna aliyekufundisha. Imeandikwa, Mama." Hakusema kwa kebehi. Alikuwa amechoka, na chini ya macho alikuwa na mifuko. "Mimi nami nina wakubwa wangu. Walijua zile karatasi zilivyotoka mwanzoni. Unadhani walitaka maelezo kweli?"

Kibarua hafukuzwi. Haitwi tu. Jumatatu iliyofuata mlinzi alimwambia getini kwamba jina lake halimo kwenye karatasi ya siku, akamwambia huku akitazama upande. Ndani, mpwa alikuwa juu ya jukwaa, amevaa ovaroli iliyoandikwa *Fundi* mgongoni.

Kwa majuma kadhaa alijaribu kuwaambia watu wa bondeni. Aliwaambia kisimani, aliwaambia msibani, alimwambia mwalimu mkuu.

"Hewa yetu haijapimwa miaka mitatu."

"Kwa hiyo ni mbaya?" waliuliza.

"Sijui."

"Ni nzuri?"

"Sijui."

"Sasa unatuambia nini?" Wengine walicheka, na mmoja, jirani aliyemjua tangu utotoni, akasema bila ubaya wowote, "Shoga, kazi ikikutema inauma. Tunaelewa."

Mama yake aliendelea kukohoa. Usemi wake wa mzaha ulikuwa umepungua, ukabaki mkono tu, ambao alikuwa akiupunga kama anafukuza inzi.

Kiangazi kilipokolea yalikuja malori. Yalizunguka kilima upande wa barabara, yakapakia, yakashuka bondeni mpaka kiwanja cha shule ya msingi, yakamwaga kifusi cha kijivu penye msingi wa madarasa mapya manne. Shule ilikuwa imeomba madarasa miaka mingi. Watu walipiga vigelegele. Msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, alisimama juu ya tofali na kutangaza kwamba anataka watu ishirini wa kusambaza na kushindilia, wanawake kwa wanaume, malipo kila jioni. Foleni ikafika barabarani. Mama Usafi alikuwa mtu wa tisa.

Zamu yake ilipofika hakunyoosha mkono.

"Hiki kimepimwa?"

"Nini?"

"Kifusi. Kinatoka mgodini."

"Aa, mama, sisi si wahuni." Alionekana kufurahi kwamba ameulizwa. Akatoa bahasha ya plastiki mfukoni, ndani yake kibali chenye muhuri. "Kila kitu kipo. Kituo kiko hapo hapo juu, wanapima kila wiki. Soma mwenyewe. Miaka mitatu mfululizo, chini ya kiwango. Hewa safi kuliko ya jijini."

Alisoma. Zilikuwa safu mbili, tarehe na tarakimu. Tarakimu hakuzijua, lakini tarehe alizijua. Ile ya juma la mafua. Ile ya mvua ya mawe. Ile ya kaka yake. Chini kabisa palikuwa na saini ya fundi mpya, yule mpwa.

"Hizi zilikataliwa," alisema. "Wakaguzi walisema hazifai. Imeandikwa kwenye taarifa."

"Taarifa ipi?"

"Ukurasa wa kumi na nne."

Msimamizi alimtazama, kisha akatazama foleni nyuma yake. "Mimi nina kibali. Wewe una taarifa?"

Hakuwa nayo. Taarifa ilikuwa kwenye kabati la Mkuu, na Mkuu alikuwa nje, masomoni.

"Mama, nyuma yako kuna watu arobaini. Unachukua koleo au huchukui?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimsukuma kidogo kwa kiwiko, kwa upole, kama anavyosukumwa mtu aliyesinzia kanisani au msikitini. Mama Usafi alichukua koleo. Mpini wake ulikuwa bado na joto la mkono wa msimamizi.

Kengele ya mapumziko ikalia. Darasa la kwanza likatoka mbio, likaliona lile lundo refu la kijivu kiwanjani, na kabla mtu hajasema kitu wakawa wamepanda mpaka kileleni. Wakateleza kwa makalio, wakapanda, wakateleza tena, nyusi zao zimekuwa nyeupe, wakimwagiana vumbi kichwani kwa viganja vyote viwili na kupiga kelele. Mwalimu wao alisimama mlangoni akiwa na chaki.

"Waacheni tu," aliwaambia watu wenye makoleo, akicheka. "Hawajawahi kuwa na mahali pa kuchezea."